Brauni ya Shimo Refu

Waulize wacheza gofu wa Nairobi shimo wanalolipenda, watakutajia maziwa na nyasi laini kama zulia. Mume wangu alipenda shimo moja tu, la mapigo matano, kwenye uwanja mkavu upande wa Kajiado, na sijawahi kuelewa alipenda nini pale. Ni refu, kutoka pa kuanzia hadi kwenye bendera, mpaka macho yanachoka. Kushoto migunga, kulia migunga, katikati vumbi na alama za kwato. Mpira ukiingia kwenye pango la ngiri, sahau.

Hata ukifika mwisho hukuti nyasi. Kule maji ni ya kunywa, si ya kumwagilia michezo, kwa hivyo shimo limezungukwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiubebe. Wanauita brauni. Ukikanyaga unaacha nyayo, na nyayo zako zitapotosha mpira wa anayekuja nyuma. Basi kuna gunia lenye kamba. Ukimaliza kucheza unalivuta ukizunguka, kuanzia shimoni ukitoka nje, mpaka mchanga ulale. Wageni wakiondoka bila kulivuta, mume wangu alirudi kuwavutia huku akinung'unika. Nilimwambia mara nyingi, "Baba watoto, hata sebule yako hujawahi kuifagia hivyo." Alicheka tu, na sebule ikabaki kazi yangu.

Kisha ini lake likashikwa na saratani. Daktari aliniita kando akasema, "Mama, mrudishe nyumbani, umpe chochote anachotaka." Nilidhani atataka samaki wa kwetu magharibi. Alitaka shimo refu.

Nilikasirika sana. Tulikuwa tumepanga nyumba ya ghorofa ya pili huko Kitengela, na ngazi zilikuwa zimeshamshinda. "Sikio la kufa halisikii dawa," nilimwambia, kisha nikatamani kuyameza maneno yale. Yeye akajibu polepole, "Niko na nguvu ya shimo moja."

Nikampeleka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefanya agano na Mungu, agano la kipumbavu: akifika kwenye brauni kwa miguu yake mwenyewe, ataishi. Sikumwambia mtu. Nilibeba mfuko wa fimbo zake nikawa naomba nyuma ya mgongo wake.

Mpira ulikwenda kidogo kidogo, kama wa mtoto. Tulipumzika chini ya kila mgunga wenye kivuli. Mguu wake wa kulia alikuwa anauburuta. Katikati ya njia tukakuta ng'ombe wakivuka. Siku zote sisi ndio husubiri ng'ombe wapite, lakini mfugaji alimtazama mume wangu, akawazuia wanyama wake kwa fimbo. "Sopa," alitusalimu kwa Kimaasai. Mume wangu akajibu, "Ipa," kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu. Heshima ile iliniuma kuliko maneno ya daktari.

Alifika. Akausukuma mpira ukaingia, nami nikalia kwa furaha, kwa sababu nilijua agano langu limekubaliwa. Nikainama kuchukua gunia.

"Wacha. Wewe huwa unaruka mahali."

"Nyuma yetu hakuna mtu, baba watoto. Unamfagilia nani?"

"Anayekuja."

Akalivuta, mzunguko baada ya mzunguko, mkono mmoja umeshika ubavu, mpaka akatoka nje ya mchanga. Nyayo zake na zangu zote zikaisha.

Hakumaliza mwezi. Tulimzika kwao, watu wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa, nikaitikia kwa sababu nilikuwa mbele ya watu.

Niliporudi Kitengela, nilitoka asubuhi moja nikaendesha gari mpaka uwanjani, nikatembea lile shimo lote. Nilijua wengine wamecheza tangu siku ile. Hata hivyo nilichuchumaa kwenye brauni nikatafuta alama ya mguu wake wa kulia. Ningeridhika hata na nusu ya kisigino. Mchanga ulikuwa umelala vizuri, vile alivyopenda.

Nikaukanyaga wote. Nilizunguka nikaacha nyayo kila mahali, kisha nikaondoka, gunia nikaliacha palepale. Anayechukia nyayo na arudi alivute, hata akinung'unika.

Nilisimama kando ya gari nikangoja.