Makofi ya Kapteni Siagi

Gratien Lebrasseur hakuwa mtu wa majivuno, ukimuuliza mwenyewe. Alichopenda ni kazi safi. Ila kila ndege yake ilipogusa ardhi ya Sept-Îles, mji wa kwao huko Kanada, alinyamaza, akategea sikio mlango wa chumba cha marubani, wala hakufungua kinywa mpaka asikie abiria wakipiga makofi. Yakija mengi, alishuka mwepesi. Yakija machache, mkewe Huguette alijua hata kabla hajavua buti, na jioni hiyo supu ilikuwa haina chumvi, mbwa hana adabu, na serikali imeoza.

Watu wa kwao walimwita Kapteni Siagi, kwa jinsi alivyoishusha ndege utadhani anapaka siagi kwenye mkate. Bibi vizee waliamka imeshasimama, wakapiga makofi na usingizi machoni. Kiongozi wa makofi hayo alikuwa mama mkwe wake, Mama Philomène, ambaye tangu Gratien amwoe bintiye hakuwahi kumsifu kwa jambo jingine lolote. Mtu aliyenyimwa sifa nyumbani akizipata angani hazitemi, na Gratien hakuzitema.

Sasa siagi ina mahali pake. Kiangazi, tua upendavyo. Lakini theluji ikishatanda, ndege haitaki kubembelezwa. Inatakiwa ishushwe mapema na ishushwe kwa kishindo, matairi yaikanyage theluji mpaka yaikute lami, breki zipate cha kushika. Ukiilaza taratibu inaelea, inaimaliza njia ya kutua, na ikija kugusa inateleza tu. Gratien alilijua hili kuliko wengi. Ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana. Kisha yeye mwenyewe akipanda anafanya kinyume, maana kishindo hakipigiwi makofi.

Majira ya baridi yaliyopita alizidisha. Aliilaza ndege juu ya theluji mbichi kwa upole uliomshangaza hata yeye, nayo ikateleza, ikateleza, ikaja kusimama taa nyekundu za mwisho wa njia ziko chini ya pua yake. Mbele ya taa zile kulikuwa na misonobari tu. Huko nyuma abiria, ambao hawakuona kitu, walipiga makofi kuliko siku zote, na mmoja akapiga mbinja. Rubani msaidizi, binti mmoja aitwaye Noémie Arsenault, alifuta viganja kwenye suruali yake. Tangu siku ile, kila Gratien alipofumba macho aliiona ile miti.

Ikafika safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Nusu ya parokia ilikuwa imeshuka mji wa Québec makusudi ili irudi naye. Mama Philomène aliketi safu ya mbele, amepakata keki ya umbo la ndege yenye mabawa ya krimu. Shemeji yake Rosaire, kaka wa Huguette, muuza magari na msemaji wa kila sherehe hata asipoalikwa, alipita kwenye viti akiwapanga watu. Matairi yakigusa tu, aliwaagiza, wote kwa pamoja, tumpigie mpaka alie.

Sept-Îles theluji ilikuwa ikianguka tangu asubuhi. Watu wa mnara wa uwanja wakawaarifu kwamba magari yameisukuma, nayo imejaa tena, na upepo unavuma ubavuni. Noémie, aliyekuwa tena msaidizi wake, aliyasikiliza hayo.

"Kapteni," akasema, "leo usiilaze."

"Nani kakwambia nitailaza?"

"Mkono wako. Naujua."

"Binti, huko nyuma yuko mama mkwe wangu na keki mapajani."

"Najua. Nataka afike."

Gratien alikasirika, na ilikuwa hasira ya mtu aliyeambiwa ukweli na mtu mdogo kwake. Akashika usukani. Walipotoka mawinguni njia ilikuwa nyeupe, na pembeni taa zake zilionekana kwa shida. Akafikiria watu waliojipanga kule nyuma na mikono tayari. Ardhi ilipokaribia, mkono wake ukaanza wenyewe kuinua pua, kidogo kidogo, ule ujanja wake wa miaka yote. Hapo akaiona tena ile misonobari. Akauzuia mkono, akaiacha ndege ishuke kama gunia la viazi.

Kishindo kile kilisikika mpaka kwenye maombi ya watu. Makabati ya mizigo yalifunguka, meno ya bandia ya mzee mmoja yalihama safu, na keki ikapanda ikamkuta Mama Philomène usoni. Lakini matairi yaliuma, breki zikashika, na ndege ikasimama nusu ya njia ikiwa bado iko mbele yao. Gratien hakuwahi kutua vizuri vile maisha yake yote, na alijua. Akategea sikio mlangoni.

Kimya. Kisha ikaja sauti ya mama mkwe: "Yesu na Maria. Nani huyo?"

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa parokia. Pai za nyama zilikuwepo, keki ililiwa kwa kijiko, na watu walimpa Gratien mkono kwa sauti za matangani. Wengine walimwangalia magoti kuona kama yanatetemeka. Noémie alikuwa amesimama karibu na dirisha na sahani yake, hana wa kuongea naye. Ndipo Rosaire akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu," akasema, "sote tunajiuliza kile kilikuwa nini. Mimi nimekaa, nimewaza, nimepata jibu. Shemeji yangu ana moyo mkubwa. Safari yake ya mwisho, akamwachia msichana usukani."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Si ndiyo, jamani. Siagi gani inatua vile? Nyuso zote zikamgeukia Noémie, na Mama Philomène, krimu bado iko kwenye nyusi, akamwambia kwa huruma asijali, mwanangu, atajifunza.

Gratien alikuwa na pai mdomoni. Mtu mwenye pai mdomoni hadaiwi neno, na tusimpake mafuta, aliitafuna polepole sana. Alimtazama Noémie, naye hakumtazama. Alikuwa akiikodolea sahani yake. Aibu ikamshika Gratien mpaka shingoni. Akameza, akakichukua kipaza sauti.

"Ni mimi niliyetua," akasema. "Huyu hakugusa kitu. Na kwenye theluji ndivyo inavyotakiwa kutua. Ile siku ya mwaka jana mliyonipigia makofi makubwa, tulibakiza kidogo tu tuingie msituni. Nilikaribia kuwaua, kwa sababu ya makofi yenu."

Watu wakatazamana. Machozi yakamlengalenga Rosaire.

"Mnamsikia?" akasema. "Mnamwona mwanamume? Anabeba lawama za msichana."

Ukumbi ukasimama. Walipiga makofi, wakapiga meza, wakapiga mbinja. Mama Philomène alipandishwa juu ya kiti ili amwone vizuri mkwe wake. Gratien alisema hapana, na kila hapana yake ikaongeza kelele, kwa kuwa sasa alikuwa na unyenyekevu pia. Hakuwahi kupigiwa makofi kama yale tangu azaliwe. Na Mungu amsamehe, sikio lake liligeuka lenyewe kuyafuata.

Noémie akaweka sahani chini, akaja mpaka kwake, akamsogelea sikioni.

"Wewe kesho unalala, Kapteni," akamwambia. "Mimi Jumatatu nina theluji, na abiria wangu ni hawahawa wanaotaka siagi."

Gratien alimwomba arudie, maana makofi yalikuwa bado hayajaisha.