Siku Niliyolima Uwanja wa Mgeni

Ningependa mkasa huu usimuliwe na mtu mwingine, lakini kila anayeusimulia hapa kijijini anautia chumvi (juzi nimesikia eti mgeni alikimbia mpaka juu ya mlima wa mawe, si kweli, alipanda kiti tu), kwa hiyo nimeona heri niuandike mwenyewe, polepole, pamoja na aibu yangu yote, ili atakayecheka acheke kilichotokea kweli.

Jueni kwanza kwamba mimi ni mtu wa haya. Shuleni nikijua jibu nililiandika kwenye vumbi kwa kidole cha mguu badala ya kunyoosha mkono. Nikitumwa dukani nilisubiri wateja wote waondoke ndipo niseme chumvi. Hata shikamoo yangu, wazee husema ni lazima mtu ainame ndipo aisikie.

Sasa, tulipohamia kijiji cha ujamaa, huku upande wa Ikungi, kila nyumba ilitoa ilichokuwa nacho kwa ajili ya shamba la pamoja, maana nia ilikuwa tujilishe wenyewe, tusije tena tukakaa njiani kusubiri gari la mahindi kama ule mwaka wa njaa. Wengine walitoa mbegu za mtama, wengine uwele na karanga, na baba yangu akatoa dume letu, Madoa. Jirani akatoa Kijivu. Madume hao wakahasiwa, wakawa maksai, kijiji kikapata plau, na ilipofika zamu ya kutafuta wa kuwafundisha maksai kulima, wakaniteua mimi kwa sababu Madoa alikuwa kama mdogo wangu. Mama yake alikufa kwa ukame, nikamlea kwa maziwa ya mbuzi, nikimnywesha kwa kibuyu, na mpaka leo akiniona ananinusa mikono kutafuta kibuyu hicho.

Bwana shamba alitufundisha kwamba plau linataka watu watatu: mmoja mbele anavuta kamba, mmoja ubavuni na fimbo akipiga kelele, mmoja nyuma ameshika mikono ya plau. "Ng'ombe anamsikia mtu mkali," alisema. Nikajaribu kuwa mkali. Nilipopiga kelele yangu ya kwanza Madoa aligeuza shingo akanitazama kama mtu aliyeombwa kitu lakini hakusikia ni kitu gani, na vijana waliokuja kunisaidia wakacheka mpaka wakaketi chini. Kesho yake nikawaambia nitakwenda peke yangu.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo dogo lililozaa makubwa. Nyuma ya mawe makubwa yaliyo kando ya kijiji, mahali ambapo hakuna mtu wa kunisikia, niliacha kupiga kelele, nikaimba. Niliimba wimbo wa kina mama wa kupura mtama, ule ambao mama aliuimba nikiwa mgongoni mwake huku fimbo zikishuka juu ya masuke. Kwa Kiswahili maneno yake ni kama hivi: pura mama, pura, mtoto ana njaa. Mwendo wake ni mzito, umepimwa, na ng'ombe ndivyo anavyotembea. Madoa akainua mguu, Kijivu akafuata, tukaenda. Nikinyamaza wanasimama, nikianza wanaondoka, hapana fimbo wala mtu wa mbele. Baadaye hata kuimba sikuhitaji, nilivumisha tu puani kama nyuki, na wao wakasikia.

Taabu ilikuwa moja. Akija mtu, nafunga mdomo.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Kitiku, alikuja kuwakagua siku tatu tofauti, na siku zote tatu maksai walisimama kama mawe yenyewe.

"Hawa wanakula nyasi za kijiji bure," alisema.

"Wanalima, mzee."

"Unasemaje?"

"Wanalima."

"Sikusikii. Na wao hawakusikii, ndiyo maana wamesimama." Akafikiri kidogo huku akijikuna kidevu. "Mgeni wa wilaya anakuja kuona shamba letu. Siku hiyo tutawafunga plau mbele yake. Wakilima, vizuri. Wasipolima, mgeni haondoki hapa bila nyama. Kawaambie ndugu zako wachague, watoe jasho au watoe mchuzi."

Watu waliokuwa naye walicheka. Na mimi nikacheka, ndivyo nilivyo, kisha nikaenda zizini nikamshika Madoa sikio na machozi yakanitoka. Nilipanga hivi: siku ya mgeni nitainama sana juu ya plau na kuvumisha puani, chini kwa chini, na hakuna atakayejua. Nikafanya mazoezi kila asubuhi mpaka maksai wakawa na masikio ya sungura. (Hilo nalo mlikumbuke.)

Siku ikafika. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshalainisha ardhi. Uwanja ulifagiliwa, ukazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na katikati likajengwa banda la matawi mabichi, ndani yake meza ya mwalimu yenye kitambaa cheupe, kuku wa kukaanga, maziwa mgando na chungu cha togwa. Maksai walifungwa nira na plau kabisa, wakasimamishwa pembeni, mimi nyuma yao. Karibu yangu alikaa mchinjaji ananoa kisu juu ya jiwe, na aliponiona akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mkono mfiwa, "Pole, kijana."

Kina mama waliongozwa na shangazi yangu, Shangazi Zena, mwanamke ambaye akiita kuku wake, kuku wa kijiji cha pili nao huja. Mwalimu alikuwa amewafundisha wimbo mpya wa kumpokea mgeni, wenye maneno marefu ya maendeleo, na wiki nzima niliwasikia wakiujaribu, kwa hiyo moyo wangu ulikuwa umetulia. Lakini mgeni alichelewa. Jua likapanda, watoto wakalia, wimbo wa mwalimu ukasahaulika kipande kwa kipande. Mgeni alipofika na kuketi bandani, kina mama wakajipanga mbele yake, wametupa migongo sisi tuliokuwa upande wa shamba, nikamwona Shangazi Zena anafunga khanga vizuri kiunoni. Nikamsikia anamwambia jirani yake, "Ule wa mwalimu hauna miguu. Tuimbe wetu."

Akaanza. Pura mama, pura.

Jamani, wale maksai waliozoea mvumo wa pua moja walipigwa na sauti za wanawake wa kijiji kizima. Mnyororo wa plau ukakazika. Madoa akaondoka kama aliyeitwa jina lake, na Kijivu naye, na mimi nikakamata mikono ya plau, maana plau likilala ubavu linaweza kuwakata miguu. Likauma ardhi. Na kwa sababu mazoea ni mazoea, nikalinyoosha.

Ng'ombe hawakimbii wakilima. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusema neno moja, nyamazeni, na mambo yangekwisha. Nilifungua mdomo. Ikatoka pumzi. Mawe ya chokaa yakaanza kung'oka, moja huku, moja kule, na mimi nyuma nakanyaga udongo mbichi, nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Shangazi Zena akageuka, akatuona. Nikasema moyoni, ameona, atanyamaza. Kumbe yeye alidhani mwenyekiti ndiye aliyepanga hivyo, kwamba ni heshima ya mgeni, akawapisha maksai njia kwa mikono miwili, akapiga kigelegele na kuongeza sauti, na kina mama wakagawanyika kushoto na kulia, wakatusindikiza.

Mwenyekiti alikuwa amesimama anatabasamu, naye alidhani ni mpango wa kina mama. Alielewa tulipofika mlangoni mwa banda, akanyoosha mikono kama anayezuia kuku. Madoa akampita. Mgeni, mtu mnene mwenye soksi ndefu, akapanda juu ya kiti chake, plau likapita chini ya miguu yake, meza ikaenda, togwa ikamwagika, nguzo ikanaswa na mnyororo, na banda lote likamwangukia Mzee Kitiku taratibu, tawi kwa tawi.

Wimbo ukakatika. Maksai wakasimama. Madoa akainamisha kichwa akaanza kunywa togwa.

Mgeni, bado juu ya kiti, akatazama nyuma yangu, akatazama mbele, akauliza, "Anayewaongoza yuko wapi?"

"Hayupo," nikasema.

"Unasemaje?"

"Hayupo, mzee."

"Na fimbo?"

"Haipo."

Mwenyekiti akatoka ndani ya majani, ana jani sikioni. "Tunaomba radhi, mheshimiwa. Hawa wanachinjwa sasa hivi." Mchinjaji akasimama.

"Wachinjwe kwa kosa gani?" mgeni akasema. "Mstari huu umenyooka kuliko barabara niliyojia. Kule kwingine plau linakula watu watatu, hapa naona mmoja." Akashuka kitini kwa uangalifu. "Lakini nataka niwaone shambani, si miguuni mwangu. Wakilima kule, waachwe."

Tukaenda shambani, kijiji kizima nyuma yetu. Nikainama, nikavumisha puani. Wapi. Watu wanaongea, watoto wanapiga kelele, na Madoa anatikisa sikio tu ananitafuta. Nikamsogelea shangazi nikamnong'oneza, "Shangazi, naomba muimbe."

"Tuimbe nini?"

"Ule wa kupura."

Akanitazama. Akawatazama maksai. Nikaona jambo linamwingia kichwani polepole kama maji kwenye kichuguu, kisha akakaa chini, pale pale kwenye udongo, akacheka mpaka khanga ikalegea.

"Kumbe ni wewe! Nyuma ya mawe, mtoto wa kaka yangu anapura mtama na ng'ombe!" Akajifuta macho, akainuka, akakunja mikono kifuani. "Hatuimbi. Ng'ombe ni wako, mdomo ni wako. Imba."

"Shangazi, tafadhali."

"Mchinjaji yule pale anakusikiliza. Imba, mwanangu."

Nikatazama. Kisu kilikuwa mkononi mwake bado. Madoa alikuwa amegeuza shingo, pua yake ina togwa, ananingoja mimi tu katika dunia nzima. Nikafumba macho nikaimba. Sauti ilitoka imepasuka kama ya jogoo anayejifunza, watoto wakaangua kicheko, lakini mnyororo ukakazika na miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe. Nikaita mstari wa pili, pura mama, pura, na hapo kina mama wakashindwa kujizuia (wimbo ule hauimbwi na mtu mmoja, kiongozi akiita ni lazima aitikiwe), wakaitikia kwa pamoja, na nikasikia ngozi ya kichwa inanisisimka. Tukalima mpaka mwisho wa shamba, tukageuka, tukarudi. Mgeni akavua viatu akataka kujaribu. Alipoimba yeye, maksai wote wawili walisimama wakamtazama, akasema basi, hawa ni wa huyu.

Mchinjaji akafuta kisu chake kwenye nyasi akaenda kula kuku, waliookotwa chini na kufutwa udongo. Mzee Kitiku alinijia jioni. "Nilikuambia sikusikii," akasema. "Leo nimekusikia. Hata kule mjini, Mandewa, wamekusikia." Akanipa paja la kuku.

Mtama tuliopanda pale ulistawi, na maghala yetu hayajawahi kujaa vile. Lakini aibu haikuishia hapo. Kila mvua zikianza nalazimika kuimba wimbo wa kina mama mbele ya shamba zima, na vijana wenzangu wananiita Bibi Mpuraji. Na wakati wa mavuno, kina mama wakianza kupura kweli, maksai hukata kamba popote walipo na kuja kusimama katikati ya masuke wakingoja plau, kwa hiyo siku hizi mtama unapurwa kimyakimya, na Shangazi Zena anasema hilo ndilo deni ambalo sitalimaliza.

Basi msije mkamfundisha mnyama jambo ambalo hamwezi kulifanya mbele za watu. Mimi nimekoma. Kijiji kimenipa maksai wapya wa kufundisha, na nimeapa hawa nitawafundisha kwa kelele, kama watu wengine. Nimeshaanza mazoezi, peke yangu, nyuma ya mawe. Jana nilipiga kelele moja nzuri sana. Madoa aliyekuwa akila mbali aliacha nyasi zake, akaja mbio, akaninusa mikono na uso kuona kama naumwa.