Kadi Inayosahau Nyimbo

Mimi ni fundi wa simu na kamera mjini Mbinga, na wanaonifahamu watakuambia mambo mawili juu yangu: nikishika kitu kinapona, na nina hasira za karibu. Yote mawili ni kweli, ingawa la pili wanaliongezea chumvi.

Kamera ya kwa mama niliifunga mwenyewe. Mama anaishi Lundo, kando ya ziwa, peke yake tangu baba atutoke. Kwanza waliibwa baadhi ya kuku wake, halafu akaugua malaria siku kadhaa bila sisi kujua, na kaka yangu mkubwa akasema basi, imetosha. Kaka analima kahawa huku juu, ameoa kwa Wamatengo, wenyeji wa huku, na tangu msiba wa baba amejipa kazi ya kumhofia mama asubuhi hadi jioni. Akanunua kamera ile ya sola inayotumia laini ya simu. Nikashuka nayo Lundo, nikaifunga juu kabisa kwenye nguzo ya baraza, mahali ambapo mkono wa mwizi haufiki.

Siku ile nilicheka sana. Kamera ile ina spika, na inasikia pia, kwa hiyo nikampigia kaka nikamwambia ajaribu kusema neno. Sauti yake ikatoka kwenye nguzo: "Shikamoo mama."

Mama alikuwa anapepeta. Akaweka ungo chini, akaitazama nguzo bila kushangaa hata kidogo.

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula mama."

"Umekula nini?"

Mazungumzo yakaendelea hivyo hivyo mpaka bando la kaka likakata. Tangu siku ile mama hakupita chini ya nguzo bila kuisalimia.

Tatizo la Lundo ni mtandao. Unasuasua. Ukifungua simu umwone mama mchana, picha inaganda, unabaki kumtazama mguu mmoja ukiwa hewani na hujui kama ameshaukanyaga. Ndiyo maana tegemeo letu lilikuwa memori kadi iliyomo ndani ya kamera. Yenyewe inarekodi kila kitu taratibu, na jioni mtandao ukitulia kaka anavuta vipande vya siku nzima: mama anafagia, mama anaanika muhogo, mama anagombana na mbuzi wa jirani. Kaka akishaviona vipande hivyo ndipo anakula chakula chake kwa amani.

Halafu kadi ikaanza vituko. Jioni moja simu ya kaka ikamwambia hakuna kadi. Baadaye kidogo ikamwambia kadi ipo ila ina hitilafu, je, ifomatiwe, yaani isafishwe yote ianze upya? Kaka akabonyeza ndiyo. Kamera ikafanya kazi vizuri, kisha wiki iliyofuata, mchezo ule ule. Kaka akabonyeza tena. Kila ikitokea ananipigia mimi, na kunipigia kwenyewe hakukuwa kwa salamu.

"Wewe si ndiye fundi?"

Nikashuka Lundo na kadi mpya. Nikapanda ngazi, nikachomoa ya zamani, nikaweka mpya. Mama akanipa ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, samaki wa ziwa letu, akaniuliza kama imepona, nikamwambia imepona. Wiki iliyofuata haikuwa imepona. Nikashuka na nyingine, ya bei zaidi, nikala tena mbasa. Wapi! Nikarudia mara ya tatu, yale yale. Kadi zote nilizozitoa nilizitupa kwenye kopo dukani nikaziandikia "mbovu", kisha nikaenda kwa mzee wa Kiislamu anayeuza vifaa mlango wa pili kutoka kwangu, mtu wa asili ya pwani, mpole kupita kiasi, nikamwambia anatuuzia kadi feki.

"Dada yangu," akasema, "umezipima?"

"Nizipime nini wakati zinakufa kila wiki?"

"Basi zipime kwanza, halafu uje unitukane vizuri."

Sikuzipima. Upole wake ndio ulionizidishia hasira.

Halafu kaka akapiga simu asubuhi, sauti yake imetulia, na mimi kaka akitulia ndipo namwogopa. Alisema amechoka kukaa na simu jioni akitazama giza. Mke wake ameshatandika kitanda kwenye chumba cha wageni. Jumapili baada ya ibada atashuka na pikapu kumchukua mama, aje aishi Mbinga moja kwa moja. Mama ameshaambiwa.

"Amesemaje?"

"Amesema sawa."

Hilo sawa lilinichoma. Mama yangu hawezi baridi ya Mbinga. Akija kutusalimia mwezi wa sita hujifunga vitenge hadi masikioni, anakaa jikoni kwenye moto na kuuliza ziwa liko upande gani. Kukubali kwake kulikuwa ni kutotaka kumwangusha mwanawe, si zaidi. Na anahamishwa kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya kidude kidogo kuliko ukucha, ambacho mimi, fundi mzima, nimeshindwa kukifanya kikae na akili zake.

Nikalimwaga lile kopo mezani. Nikachukua kadi niliyoitoa mwisho, nikaichomeka kwenye kompyuta, nikaipima. Nzima. Nikapima nyingine. Nzima. Zote zilikuwa nzima kabisa, na mlango wa pili pale nilikuwa nimemtukana mtu wa watu bure.

Sasa, kufomati kadi hakufuti kila kitu papo hapo. Vilivyokuwemo hubaki chini chini mpaka vipya vivifunike, na ipo programu ya kuvifukua. Nikaiwasha. Faili la kwanza lililofukuliwa halikuwa video, lilikuwa sauti. Nikalibonyeza, na duka langu likajaa kwaya. Akina mama, milio ya kinanda, haleluya zinapokezana. Nikafukua zaidi: nyimbo, nyimbo, mama anafagia, nyimbo. Yule mzee wa mlango wa pili akaja akasimama kizingitini, akasikiliza wimbo wa Kikristo mpaka mwisho.

"Kumbe feki yenyewe inaimba," akasema, akarudi dukani kwake. Nilimwomba radhi kwa soda baridi, akaipokea.

Kilichobaki kilikuwa kipande kimoja cha video kisichofunguka. Nilikijua aina yake. Ukichomoa kadi wakati kamera inarekodi, kipande cha mwisho hakipati nafasi ya kufungwa, kinabaki nusu, na hakuna simu itakayokichezesha. Kuna namna ya kukifunga kwa mkono kwenye kompyuta. Nikakifunga, nikakitazama. Kisha nikafanya hivyo hivyo kwenye kadi nyingine, na nyingine, nikiwa nacheka na kupangusa macho, mteja amesimama na simu yake iliyopasuka kioo ananiuliza kama niko salama. Nikampigia kaka. Akasema nisimletee mambo ya kompyuta, pikapu imeshapatikana. Nikamwambia basi mnipakie na mimi.

Jumapili tulishuka. Njia nzima kompyuta nilikuwa nimeipakata. Tulipofika tulimkuta mama barazani, amevaa gauni lake la kanisani, vitenge vimekunjwa na kufungwa furushi, kuku amekwisha kuwagawa kwa majirani. Uani walikuwa wamekaa akina mama wenzake wa kwaya ya kanisa, kimya, na akina mama wale mimi sijawahi kuwaona kimya. Tulitoa shikamoo zikapokelewa kwa sauti ndogo.

"Baba," mama akamwambia kaka, "mizigo yangu ni hii tu. Redio nawaachia hawa."

Kaka akashika furushi. Nikamwambia aliweke chini atazame kitu kimoja, akikataa baada ya hapo nitambebea mwenyewe. Nikavuta kigoda cha mama, nikaweka kompyuta juu yake, nikabonyeza.

Kwenye kioo ulionekana ua ule ule, akina mama wale wale. Wanakishika kigoda hiki hiki, mmoja mguu huu, mwingine mguu ule, wanacheka na kusukumana. Kisha kichwa cha mama kikapanda polepole kutoka chini, kitambaa kwanza, halafu uso, mkubwa mpaka ukajaza kioo chote.

"Wanangu," akasema mama wa kwenye kioo, "hamjambo huko juu? Mimi mzima. Naazima hiki kidude, tuna mazoezi, kadi ya redio yetu imekufa. Tukimaliza nakirudisha. Baba, nimekuota umekonda, kula. Na wewe mama, punguza hasira, utakimbiza wateja. Haya. Kama mnakataa, semeni."

Akanyamaza, akatega sikio. Chini mtu akauliza wamesemaje.

"Wamenyamaza. Wamekubali."

Kidole kikaja kikaziba kila kitu, na giza.

Nikaweka cha pili. Uso ule ule, kitambaa kingine. "Wanangu, ni mimi tena. Hii kadi yenu ina usahaulifu, nyimbo zote za wiki iliyopita imesahau, imebidi tukalipe upya pale sokoni watuwekee. Baba, jaketi lako la mvua ulilisahau hapa, nimelitundika." Cha tatu alikuwa anamwombea kaka kahawa yake ipate bei, akina mama wanaitika amina kutoka chini huku wamekishikilia kigoda.

Kila wiki alikuwa ametuaga. Kila wiki, kwa kuichomoa ile kadi, alikuwa anaukata ujumbe wake mwenyewe kabla haujatufikia, halafu kaka anakaa Mbinga akibonyeza ndiyo na kumfutia nyimbo. Nasi tulikuwa tumeihoji kamera, tumezihoji kadi, nimemhoji na muuzaji. Mama hatukumwuliza.

"Mbona mnatazama kama hamjawahi kuona?" mama akauliza. "Si niliwaambia?"

Nikamtazama kaka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kigoda, mkono mdomoni, mabega yanatikisika, na kwa muda sikujua analia au anacheka. Alipogeuka nikaona ni vyote. Uani pale kaka yangu, mtu mzima mwenye mke na mashamba, alikuwa na uso wa mtoto aliyeletewa zawadi. Akataka aone kile cha jaketi tena. Tukakirudia.

Akasimama, akalichukua furushi. Akina mama wakainamisha vichwa. Akaingia nalo ndani, akatoka mikono mitupu.

"Fundi," akaniambia, "ile kamera ishushe."

"Niing'oe?"

"Ishushe. Ifike usawa wa kifua chake. Hivi mnaona anavyopanda kile kigoda? Ataanguka huyu."

"Na mwizi je?"

"Mwizi gani, na kikosi chote hiki uani?"

Uani pakalipuka vigelegele. Mmoja akakimbia kurudisha kuku, kuku wenyewe hawataki kukamatwa. Nikapanda ngazi, nikafungua skrubu, nikaishusha kamera na kuikaza upya chini. Mfukoni nilikuwa na kadi mpya niliyokuja nayo kwa ajili ya redio yao. Nikaiacha kwanza mfukoni.

Kwa sababu mama alikuwa ameshafika. Alisogea mbele ya kamera, akarekebisha kitambaa, akaiinamia kama kawaida yake, ingawa sisi wote tulikuwa tumesimama nyuma yake.

"Wanangu," akasema, "naazima kidogo, tuimbe. Kama mnakataa, semeni."

Akatega sikio.

"Chukua, mama," akasema kaka.