Karafuu Moja ya Mama

Harufu ya karafuu ikinifikia popote, hata leo, ulimi hufa ganzi na kicheko hunipanda. Nyumbani kwetu Kasubi ilikaa kwenye mapazia, kwenye madaftari ya shule, hata kwenye nywele za mama, aliyekuwa akiuza viungo soko la Nakasero. Wazazi wangu walitoka Kenya kutafuta riziki, na kabati la jikoni ndilo lililokuwa duka letu la dawa: tangawizi ya mafua, mchaichai wa tumbo, na kwa koo linalowasha, karafuu ya kumung'unya. "Moja," mama alisisitiza, kidole juu. "Kiungo ukikizidisha kinakugeuka."

Nilipokuwa na miaka tisa nilichaguliwa kuimba peke yangu ubeti wa kwanza wa wimbo kwenye ibada ya Krismasi. Baba, dereva wa lori, hakuwa amewahi kunisikia. Jumapili zote zilimkuta barabarani. Safari hiyo aliomba ruhusa, akanyoa ndevu, akakaa kiti cha mbele. Nami, ole wangu, niliamka koo linawasha! Mama akanipa karafuu yangu moja, koo likatulia kidogo. Nikajiambia, kama moja inafanya hivi, kumi je? Nikachota konzi kabatini, nikazitafuna zote njiani. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, jamani. Niliposimama mbele ya watu, midomo siisikii, mate yananichuruzika kwenye gauni jipya. Nilipofungua kinywa ikatoka "Mwaa" tu. Nilimwona baba amesogea ukingoni mwa kiti, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Jirani yetu Mama Akello, mke wa askari polisi kutoka Gulu, akaja kunifuta, akanusa. "Wewe mutoto! Umekula karafuu yote ya mama yako?" Kanisa zima likaangua kicheko. Kisha akauanzisha ubeti mwenyewe, watu wakadakia, nami nikacheza kwa nguvu zote, maana miguu haikufa ganzi. Baba alicheka hadi machozi. Nilifurahi mno siku ile.

Sasa kibanda cha Nakasero ni changu, na wateja hunionyesha kwenye simu majani yanayoponya kila kitu. Baba anameza vidonge vya kuzuia damu isigande. Juzi rafiki yake alimletea chupa ya kitunguu saumu kilichosagwa, anywe vijiko vitatu kutwa. Baba hula kitunguu saumu kwenye mchuzi kila siku, lakini chupa ile aliisukuma pembeni, akasema atamwuliza daktari kwanza, maana kitunguu saumu kingi nacho huzuia damu kuganda.

"Mzee, kitunguu saumu tu unakiogopa?" rafiki akashangaa.

Baba akanitazama, mabega yakaanza kumtikisika. "Bwana wee, mimi nilimsikia huyu binti yangu akiimba."