Soprano Wetu wa Chisenga

Mume wa soprano wetu alipata nafasi nzuri katika kambi moja ya uvuvi kisiwani Chisenga, akahama na mke wake. Kwaya nzima tulimpongeza kwa midomo tu. Moyoni tulikuwa tunajiuliza nani sasa atatuimbia sauti ya juu, maana sherehe ya mavuno ilikuwa inakaribia, na kwaya ya wakimbizi wa Mantapala ilikuwa imealikwa kuja kuimba kwetu Nchelenge.

Wengi wetu kwayani ni Wakongo, tulivuka ziwa kila mtu kwa sababu zake. Tuko pia na akina mama wachache wa Kibemba waliojifunza Kiswahili kwa kuimba. Neema na wokovu wanakutangazia bila kukwama, lakini wakitaka kukuomba chumvi wanarudi Kibemba. Maestro wetu ni mshona nguo, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau. Yeye ndiye aliyesema tufanye mazoezi kwa simu, na siku ya sherehe soprano aje kwa boti.

Jumamosi mchana tukaweka simu yangu juu ya kiti, mbele ya kwaya, spika wazi. Mimi naimba alto, na simu yangu ndiyo ilikuwa na sauti kubwa kuliko zote. Soprano akaitika kutoka kisiwani, tukasalimiana naye kwa makelele, maestro akahesabu, tukaanza.

Ilikuwa fujo. Sisi tumemaliza mstari, yeye ndiyo kwanza anaufikia. Ngoma ikilia, sauti yake inamezwa yote. Ikirudi, inarudi nyembamba kama ya mbu.

"Mama, unachelewa!" maestro akapiga kelele.

"Miye? Nyie njo munachelewa!"

"Korale nzima ichelewe, weye moja tu uko sawa?"

Hapo simu ikakatika. Maestro akaamini amekatiwa. Soprano naye, kule kwake, akaamini hivyo hivyo. Siku chache baadaye mama mmoja mchuuzi wa samaki akashuka kutoka kwenye boti na ujumbe wa soprano: maestro aendelee kushona, kuimba awaachie wenye kujua.

Mimi nilikuwa katikati, na wote wawili nawapenda. Bahati nzuri, uani kwetu alikuwa amepanga kijana fundi wa minara ya simu. Ni mtu wa Mansa, ila mama yake Mkongo, basi Kiswahili anakisema vizuri. Nilimkuta anafua soksi, nikamweleza kisa chote.

Akacheka. "Mama, hakuna mwenye makosa. Simu na mnara vinaongea wakati wote, hata kama nyie mumenyamaza. Mnara unaambia simu: nakusikia kidogo, ongeza nguvu. Au: punguza, unatosha. Simu ya Chisenga iko mbali, kila siku inaambiwa iongeze."

"Kumbe njo maana batri yake inaisha haraka!"

"Njo vile. Na rezo, ule mtandao wa simu, ikiwa mubaya, sauti inapunguzwa unene ili isikatike kabisa. Ngoma, simu inaiona kama kelele tu. Halafu sauti inafungwa kama furushi, inaenda mpaka mji mukubwa, inarudi, inafunguliwa. Lazima ichelewe."

Akasuuza soksi moja, akaendelea. "Hata simu zenyewe ziko na zamu za kusema. Ile ya mbali inaambiwa na mnara ianze mbele kidogo tu, mapema, ili ifike kwa zamu yake."

Jioni ile ile nikampigia soprano, nikamrudishia maneno ya fundi kama nilivyoyashika. Alinirudisha nieleze tena ile ya zamu. Kisha akasema, "Donc, basi, hata miye nianze mbele."

Jumamosi iliyofuata maestro akahesabu kwa sauti kubwa, mpaka nne. Sisi tulianza baada ya nne, soprano alianza baada ya tatu. Ngoma tuliipeleka nje. Yeye alijifanya hatusikii sisi, akashika hesabu tu, kwa sababu akitusikiliza anapotea. Wimbo wa kwanza ulikwenda mrama. Wa pili, sauti yake ikatua juu ya zetu sawasawa, na mama mmoja wa Kibemba akapiga kigelegele kabla hatujamaliza. Maestro akainama kwenye simu. "Mama, nisamehe." "Imeisha, maestro. Tuendelee, batri inakufa."

Tulifanya hivyo kila Jumamosi mpaka sherehe. Asubuhi ya siku yenyewe soprano akashuka kutoka kwenye boti na kitenge kipya, tukamkumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Kanisa lilijaa. Watu wa Mantapala walikuwa wameketi mbele. Maestro akahesabu, na soprano wetu, amesimama bega kwa bega na mimi, akaanza baada ya tatu.

Macho yalimtoka maestro. Soprano mwenyewe alishituka, akataka kutungoja, sisi nasi tukamkimbilia, na kwa mstari mzima hakuna aliyejua tuko wapi. Ndipo yule mama wa Kibemba, bila kuambiwa na mtu, akamwacha atangulie, akamjibu nyuma. Alto wote tukamfuata. Soprano anatupa neno, sisi tunalidaka. Watu wakasimama, vigelegele vikaanza upande wa Mantapala.

Baada ya ibada maestro wao akamshika wetu mkono. "Kaka, utufundishe ile mtindo."

Maestro wetu akajifuta jasho usoni. "Bon," akasema, "ile inaomba mazoezi ya muda mrefu."

Nilikimbilia nyuma ya kanisa nicheke vizuri. Soprano alikuwa ameshafika huko, amekaa chini, machozi ya kicheko yanamtoka.

Jumatatu maestro alifunga cherehani yake, akambebea soprano mfuko mpaka kwenye boti. Alimnunulia vitumbua vya safari, na mpaka injini inawaka alikuwa bado anamuuliza Krismasi tuimbe nini.