Disketi Zilizoanikwa Kama Maharagwe

Mwalimu Vincent Muthamia wa Nkubu hakumwamini mtu. Sokoni alimwaga maharagwe kwanza, akayasugua, akayanusa, ndipo aulize bei. Kanisani aliketi nyuma ili baiskeli yake isimpotee machoni.

Huyo huyo alikaa miaka mitatu na mama yake, Igoki, akipiga chapa kwenye kompyuta kuukuu kila alichosimuliwa: utoto wa mama, njaa, ndoa. Yote yalikuwa katika disketi moja, kibamba cha plastiki cha kuhifadhia kazi ya kompyuta. Mimi nina duka la kupiga chapa karibu na soko, nikamwomba nimtolee nakala ya akiba.

"Wewe Gatakaa, maneno ya mama yangu unataka ya nini? Uende uuze kitabu?"

Nilikasirika, sikurudia kumwomba. Igoki akafariki. Kisha, mwaka wa 1999, programu ya kuandikia ikaharibika, na zile mpya za dukani kwangu hazikuweza kufungua kazi yake. Mpwa wake wa Nairobi, Tabby, akampatia kwenye mtandao muuzaji wa Uingereza aliyekuwa na programu ileile ya zamani, disketi sita.

Mwalimu alimshuku muuzaji, akamshuku karani wa posta, akakagua gundi ya bahasha isije ikawa imechezewa. Disketi zilinuka uvundo. Akafanya afanyavyo na maharagwe yenye unyevu: akazianika juani juu ya gunia, siku mbili, fimbo mkononi.

"Mwalimu, ukungu uko ndani," nilimwambia. "Usizitie kwenye mashine, zitaichafua, na itakwaruza kila disketi utakayoweka."

"Hizi ziko sawa, zimekauka. Wewe bado unaitaka ile ya mama."

Akatia ya kwanza. Mashine ikakwaruza, ikakataa. Ya pili vilevile. Hapo akaanza kuishuku mashine yenyewe. Akataka kuijaribu kwa disketi aliyojua ni nzima, na aliyoijua ilikuwa moja tu.

Alikuja dukani mchana ameishika ile ya mama yake kwa mikono miwili. Nilisogeza kifuniko chake cha chuma. Lile duara jeusi la ndani, linalobeba maandishi, lilikuwa limechunika mzingo mzima. Nikamwambia ukweli.

Hakulia. Alichungulia nje, akafunga mlango, akasema polepole, "Gatakaa, ile nakala. Najua ulitoa, ukanificha. Sikasiriki, dada yangu. Nipe tu."

Maisha yangu yote sijawahi kutamani kuwa mwizi kama siku hiyo.