Mtu wa Bati Mwenye Mkono wa Skola

Mkono ulionishika ulikuwa wa bati, na ulikuwa wa kushoto. Injini ya mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa. Mkanda ulikuwa umevuliwa na kutundikwa kwenye msumari ukutani, nauona hadi leo. Hapakuwa na kitu cha kuusukuma mkono ule, na bado ulinishika hapa, juu ya kifundo cha mkono, ukakaza. Tena haukuwa wa baridi. Siku ile ya mvua, bati lile lilikuwa na joto la mtu mwenye homa.

Najua umeshaanza kufikiri. Unafikiri ilikuwa usiku, nimetoka kilabuni, nimeona kivuli nikakipa jina. Ilikuwa mchana, saa za watu kula, na pombe sikuwa nimeonja. Mimi niliishia darasa la nne, kupamba maneno sijui. Kama nasema uongo, basi na mimi siku yangu ikifika nizikwe bila kuoshwa. Utaelewa mbele kwa nini naapa hivyo.

Tulikuwa watatu, wote wa kijiji cha Bugarama: mimi, Domitila na Skolastika. Tulipokea Komunyo ya kwanza pamoja, tumevaa magauni yaliyoshonwa kwa kitambaa kimoja, na la kwake Skola alikuja kulifumua akashonea blauzi. Skola alitumia mkono wa kushoto. Mama yake alimfunga huo mkono kwa kamba ya mgomba ili ajifunze kula kwa wa kulia kama watu, lakini wapi. Na kidole cha mwisho cha mkono huo kilikuwa kimepinda kwenda nje, kilivunjika alipoanguka kutoka kwenye mparachichi wa kwao. Akishika kitu, kidole hicho kinabaki kimesimama peke yake. Tulimtania kwamba kidole chake kina kiburi.

Wakimbizi walipoingia kutoka Rwanda, Benaco palipokuwa pori pakageuka mji kabla hatujazoea kutamka jina lake. Milima ikanyolewa kuni, ikabaki kichwa kitupu. Sisi tukapanga kibanda karibu na barabara, tukawa tunauza ndizi. Wakimbizi walikuwa wanapewa mahindi mazima, na mahindi makavu hayatafunwi, kwa hiyo kila mwenye uwezo akaleta mashine ya kusaga. Gervas naye akaleta yake.

Leo Gervas simwiti mzee wala bwana. Wakati ule tulimwita Baba. Tulimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akaitika marahaba kwa sauti ya upole kama ya padri. Akamchukua Skola awe anamimina mahindi kwenye mdomo wa mashine. Wenzake walikuwa wanaziba mashine, au wanaiacha isage hewa. Skola aliinamisha debe kwa ule mkono wake wa kushoto, mahindi yakashuka sawasawa, na mwisho akapiga kitako cha debe kwa kiganja, pu, pu, ili punje za mwisho zitoke. Watu walipita mashine nyingine wakaja kupanga foleni pale.

Halafu akapata mchumba. Kijana wa Kaniha, kule Biharamulo, mkulima, mtu mpole. Akaenda kumwambia Gervas kwamba ataacha kazi. Mimi na Domi tulikuwepo. Gervas akacheka, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Ila huo mkono utaniachia."

Skola akamjibu, "Nikikuachia, Baba, mume wangu nitamsongea ugali kwa nini?"

"Hilo si shauri langu."

Tukacheka wote. Nakuuliza wewe unayesoma, ungejuaje?

Haikupita muda Skola akaanza kutapika. Miezi ile watu walikufa kwa kuhara kama kuku wakati wa kideri. Gervas akampakia kwenye pikapu yake, akasema anampeleka kwenye mahema ya wagonjwa. Tulitaka kupanda, akatukataza, eti tutaambukizwa. Kesho yake pikapu ikatufuata kibandani. Nyuma yake alikaa Bruno, mpwa wa Gervas, mwenye kazi ya kuzika waliokufa kambini. Amevaa buti na kitambaa puani, na mbele yake kuna kitu kimeviringishwa kwenye turubai, kimefungwa kamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasema huyo hapo Skola wenu.

Tulimzika Bugarama. Mama yake alitaka kumwosha. Bruno akakataa. Mama akataka kuona uso tu. Bruno akainua bomba la dawa akasema atakayegusa turubai atanyunyiziwa machoni. Watu wakarudi nyuma, na siwalaumu, ugonjwa ule ulitisha. Lakini mimi niliutazama ule mzigo. Ulikuwa umenyooka, unene mmoja juu hadi chini. Haukuwa na mabega. Waliobeba walinung'unika kwamba ulikuwa mzito na unachuruzika maji. Nikajiambia ndivyo maiti ya ugonjwa huu ilivyo. Nilikuwa sijawahi kubeba hata moja.

Tuliporudi Benaco tukakuta watu wamejaa kwa Gervas. Kasimamisha mtu wa bati. Kifua na kichwa ni madebe ya mafuta ya msaada, macho ni vizibo vya soda, vidole ni spoku za baiskeli. Watoto wa kambini waliokuwa wanachungulia kwenye vibanda vya video walimwita Roboti. Aliyemtengeneza ni fundi Amosi, mchomeleaji wa pale barabarani. Mkono wa kulia uliunganishwa na mkanda wa injini: injini ikiwaka, unainuka na debe, unamimina. Wa kushoto ulichomelewa kwenye paja, wa kukamilishia umbo tu. Wateja walifurahi. Hata sisi wafiwa tulitabasamu kidogo, Mungu atusamehe.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Pumba za pale zilikuwa zinauzwa zote kwa wenye nguruwe. Tangu aje mtu wa bati, kila jioni Gervas alitenga bakuli moja la pumba akaliweka miguuni pake. Ukimuuliza anasema ni mtego wa panya. Asubuhi bakuli limerambwa jeupe. Kwetu kila mtu anajua ni nani hulishwa pumba. Ni msukule, mtu aliyeibwa akiwa hai akafanywa mtumwa, huku ndugu zake wameshamlilia.

Sasa ile siku. Tulitakiwa kurudi Bugarama kumaliza matanga, na unga wa msiba ulikuwa juu yangu na Domi. Mvua ikatukuta barabarani na gunia letu la mahindi, tukakimbilia kwa Gervas. Mlango wazi, hakuna mtu, ameenda kula. Tukaweka gunia chini, tukasimama kungoja. Mvua ilipiga bati la paa hatusikilizani. Ilipopungua kidogo, nikasikia pu, pu.

Nikamtazama Domi. Domi akanitazama.

Ikapiga tena. Ndipo nilipoona mkono wa kushoto hauko pajani. Ulikuwa umebanduka, pale ulipochomelewa pameacha kovu jeusi, umening'inia wazi. Spoku nne zimekunjwa ngumi na ya mwisho imesimama peke yake, imepinda kwenda nje. Amosi aliziacha zote zimenyooka. Mimi niliziona siku ya kwanza.

Kwa nini sikukimbia? Hata leo watu wananiuliza. Kusema kweli, nilipokiona kile kidole moyo ulinivuta mbele. Nikasogea hatua moja, mkono ukanidaka.

Sauti ikatoka ndani ya kifua. Umewahi kumsikia mtoto akiongea huku kaingiza kichwa ndani ya pipa? Ilikuwa hivyo, na ilikuwa Kihangaza chetu. Ikasema, "Mbona hamkuniosha?"

Nililia, nikasema walitukataza. Sijui kama ilinisikia.

"Hamkuniangalia hata uso. Mlikwenda kumlilia nani?" Halafu ikaita, taratibu, kama alivyokuwa akiita tukiwa tunachota maji: "Domi."

Domi akaitika, "Bee."

Usiitike. Nilifundishwa toka mtoto kwamba ukiitwa na usiyemwona usiitike, na Domi alifundishwa hivyo hivyo. Lakini mtu akiitwa na rafiki yake anaitika kabla hajafikiri.

"Nifungueni. Humu hakuna pa kugeukia."

Domi akashika ukingo wa debe la kifua, akavuta. Likaachia upenyo wa vidole viwili. Nilichoona mle ndani nitakisema kama nilivyokiona: kitambaa cha gauni la Komunyo, kile kile, na kinapanda na kushuka. Kinapumua.

Kivuli kikaziba mlango. Gervas, na koti la mvua, na kijiti cha meno mdomoni. Mkono ukaniachia mara moja, ukalala pajani kama wa mtoto aliyefumaniwa. Na niamini, tulimwamkia shikamoo. Woga wote ule, na bado tulimwamkia.

"Marahaba," akasema. "Bati limewatisha? Likilowa huwa linalia." Akaitazama alama ya vidole iliyobaki kwenye mkono wangu, akaitazama tena, hakuniuliza imetoka wapi. Akalisukuma debe la kifua kwa goti hadi likajifunga. Akasema turudi kesho, leo hakuna dizeli.

Tuliacha gunia pale pale. Tulipokuwa tunazunguka ukuta wa nyuma tukamsikia akiongea, bila hasira, kama tajiri anayemsema mfanyakazi wake: "Skola, nilikukataza nini kuhusu wageni?"

Akajibiwa. Pu, pu.

Tulikwenda kwa mwenyekiti, akacheka hadi akakohoa. Tulikwenda kwa katekista, akatupa sala ya kusali kila siku, tukaisali. Mama Skola peke yake ndiye aliyetuamini. Alichukua jembe akaenda kaburini. Bruno akatangaza kwamba kaburi la mgonjwa wa kuhara likifukuliwa kijiji kizima kitakwisha, na majirani wenyewe wakampokonya mama wa watu jembe. Akakaa chini hapo hapo akalia.

Mvua za msimu uliofuata, kaburi likachipua. Si majani, si magugu. Mgomba. Katikati kabisa, unatoka chini kwa nguvu, kana kwamba mtu alifukia shina zima. Nani aliupanda? Hakuna aliyeupanda. Ukazaa mkungu mnene na hakuna aliyeukata, ndizi zikaiva, zikaoza, zikaanguka. Mama Skola alikufa mwaka huo. Yeye tulimwosha vizuri, na uso wake kila mtu aliuona.

Kambi zilipofungwa, Gervas akapakia mashine yake kwenye lori. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara. Mtu wa bati alifungwa kamba nyuma, amesimama, uso unatazama walikotoka. Lori liliponipita mkono wa kushoto ulikuwa nje ya kamba, na kile kidole. Unajua lilikuwa linaenda wapi? Kaniha. Biashara huko ilikuwa nzuri, eti. Skola alifika Kaniha alikotaka kuolewa, na ndivyo alivyofika.

Domi yupo. Mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi wiki ile ile, hauwezi kushika hata kikombe. Lakini popote mashine ya kusaga ikiwashwa, hata mbali kiasi gani, ule mkono unainuka wenyewe. Unainama, unamimina kisichokuwepo. Mwisho kiganja kinapiga hewa mara mbili. Ndugu zake walimhamishia shambani bondeni, mahali mlio wa injini haufiki. Nikienda kumtembelea tunasaga kwa jiwe, na hatuzungumzi habari hizo. Mara nyingine ananiuliza tu kama nimesikia kitu. Namwambia hapana.

Mimi nimezeeka nikiwa na pete tano nyeusi kwenye mkono huu. Nne zimenyooka, ya mwisho imepinda. Daktari mmoja alisema nimeungua. Nikamuuliza nimeungua na nini, akaandika dawa ya kupaka.

Nilikwenda Kaniha mara moja. Mashine ni mpya, inatumia umeme, inamilikiwa na Gervas yule yule, amenenepa, anakaa benchi la mbele kanisani. Nyuma ya mashine kuna stoo yenye kufuli. Mbele ya mlango wa stoo, bakuli la pumba.

Kwa hiyo wewe unayesoma, mpendwa wako akifa, uone uso wake. Wakikutisha kwa ugonjwa, ona. Wakikutisha kwa dawa, ona. Na tajiri akikuambia kwa utani kwamba kiungo chako ni chake, usicheke, ondoka siku hiyo hiyo.

Wenye kosa nimewataja na sitafuta jina hata moja. Amosi, ulichomelea lile debe juu ya nini? Usiniambie hukuona, mchomeleaji huangalia anachofunga. Bruno, ndani ya turubai uliviringisha nini? Na wewe, Gervas, sitaki fidia, sitaki uniombe radhi, wala sitaki uniitikie marahaba. Kaburi lipo Bugarama, na migomba sasa imekuwa kichaka. Njoo na jembe, mchana, watu wote wakiona. Uchimbe mwenyewe, halafu utuambie tulizika nini. Kisha utoe ufunguo wa ile stoo, unipe mimi. Maji ya kumwoshea Skola nimeshateka.